Mchanga wa Kona

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya asubuhi ile hakikuwa maiti. Kilikuwa mchanga.

Jumamosi saa kumi, walipofunga kazi, kipande kilichotandikwa siku ile cha njia ya waenda kwa miguu kilibaki na mianya mitupu kati ya kitofali na kitofali. Mchanga ulikuwa umekwisha, na lori la kuleta mwingine lingefika Jumatatu. Kuijaza mianya ile ilikuwa kazi yake. Kila siku alimwaga mchanga mkavu juu ya vitofali, akausukuma kwa ufagio mpaka ukazama wote, kisha akasogea mbele. Alilipwa kwa hilo na hakuna mwingine aliyelifanya.

Sasa ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu. Lori lilikuwa halijafika. Hata hivyo mahali pamoja, padogo kama mlango uliolazwa chini, mianya ilikuwa imejaa mpaka juu. Mchanga wenyewe mweupe, laini kama unga.

"Nani kanifanyia kazi yangu?" alijiuliza moyoni.

Akainama aupapase. Alipoinua macho akaona kiatu ndani ya mtaro, na ndani ya kiatu, mguu.

Hakupiga kelele. Alikwenda mbio mpaka kwenye kontena la vifaa, akamshika shati fundi wa kwanza aliyemkuta, akamvuta bila kusema neno mpaka ukingoni mwa mtaro. Fundi ndiye aliyepiga kelele.

Aliyelala mle, kifudifudi, na kizibao chake cha kung'aa kikiwa kimelowa maji machafu, alikuwa mhandisi wa halmashauri.

*

Inspekta alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye kutembea upesi kana kwamba ameacha chungu motoni. Nyuma yake alikuja koplo mrefu aliyebeba utepe wa polisi. Malori ya kiwanda cha sabuni yalikuwa yamekwisha panga foleni, madereva wakipiga honi, vumbi likipanda, na kila mtu akitaka kuona.

"Funga eneo la tukio lote," alimwambia koplo. "Kuanzia bango mpaka ile nguzo. Na hao wenye honi waambie atakayepiga tena nitaanza kumhoji yeye."

Bango lilisimama mwanzo wa mtaa, limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mradi ule ni wa kuboresha barabara na njia za waenda kwa miguu katika eneo la viwanda, kwa fedha za umma. Chini yake kulikuwa na tarehe ya kumaliza. Zilibaki siku tisa.

Daktari wa polisi alitoka mtaroni akivua glavu.

"Kapigwa mara moja tu, kisogoni," alisema. "Kwa chuma. Kizito, chembamba. Hakugongwa na gari, na hakujikwaa."

"Lini?"

"Jana. Kati ya saa sita na saa kumi mchana. Uchunguzi wa maiti utanipa zaidi, lakini nje ya hapo sitoki."

"Jumapili mchana viwanda vimelala," Inspekta alisema, akibofyabofya kalamu. "Mtaa mtupu. Nani aliyemkuta?"

Mafundi wakamsukuma Kimya mbele.

"Jina?"

"Huyo tunamwita Kimya, afande," fundi mmoja akadakia. "Ukimpata aseme maneno matatu, tuite waandishi wa habari."

"Wewe nimekuuliza?" Fundi akafyata ulimi. "Haya, binti. Uliona nini?"

"Kiatu."

"Kabla ya kiatu?"

Kimya akatazama chini. Mikono yake ilikuwa ikizungusha mpini wa ufagio, ikizungusha tu. Alitaka kusema, mchanga. Lakini neno lilionekana dogo mno mbele ya mtu aliyekufa.

"Hakuna," alisema.

Inspekta akageukia vifaa. Aliyevisimamia alikuwa nyapara, mzee mwembamba wa mvi aliyeitwa Mzee Uzi, kwa sababu uzi wake wa kupimia mnyoofu haukumtoka mkononi hata wakati wa kula.

"Sepetu sita," Mzee Uzi alihesabu. "Nyundo za mpira nne. Mitaimbo miwili."

"Naona mmoja."

"Wa pili, ule mfupi, marehemu aliuchukua Jumamosi. Alisema atakuja mwenyewe kufumua vitofali apime chini."

"Apime nini?"

Mafundi wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Mkisema wote pamoja sitasikia," Inspekta akasema.

Basi ikatoka. Jumamosi mhandisi alikuwa amekagua kazi, akasema udongo wa chini haukushindiliwa vizuri. Mita mia na sitini zing'olewe, zianze upya. Na kwa kuwa siku hazitoshi, mradi utaishia hapo hapo mbele ya kiwanda cha sabuni, na fedha zisizotumika zirudi hazina. Kipande kilichobaki, mpaka kona ya kiwanda cha nguo, kisubiri bajeti nyingine.

"Na aliyeshindilia ni nani?"

Kijana mpana wa mabega akanyoosha mkono kama mtoto darasani. Yeye ndiye aliyeendesha mashine ya kushindilia, na waliipenda kelele yake wakamwita Kishindo. Alikuwa kaka yake Kimya, tumbo moja.

"Ulimjibu nini mhandisi?"

"Nilikasirika, afande."

"Sikuuliza ulihisi nini."

Kishindo akashusha mkono. "Aliniambia nashindilia kama napapasa mgongo wa mtoto. Mbele ya watu. Nikamwambia... nikamwambia asiponiacha atafukiwa humu humu."

Honi zote zilikuwa zimenyamaza sasa.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mchana kutwa?"

"Kutwa."

Kimya akageuka kumtazama. Jana baada ya chakula kaka yake alitoka, akasema anakwenda kuhakikisha mashine imefungwa mnyororo. Kwa nini anadanganya, huyu mjinga?

*

Mlinzi wa geti la sabuni alikuwa mtu wa maneno, na kiti chake kilitazama mtaa mzima. Kimya alikuwa akifagia vipande vya utepe karibu naye. Hakuna aliyemfukuza. Watu humwona mfagiaji kama wanavyouona ukuta.

"Jana ulikuwa zamu?"

"Saa mbili mpaka saa mbili, afande. Hata chooni nakwenda mbio."

"Ulimwona nani?"

"Mhandisi, kwenye saa saba na nusu. Kaja na gari lake, kashuka na mtaimbo na kopo la rangi ya kupuliza, ile nyekundu. Kabla yake nilimwona kijana wa mashine. Kaja, kaanza kukagua mnyororo wake."

"Aliondoka kabla mhandisi hajafika?"

Mlinzi akajikuna. "Hapo ndipo penye shida. Niliitwa kula, nikaingia ndani dakika kumi na tano. Dakika ishirini. Tuseme nusu saa."

"Mbona inakua?"

"Chakula kilikuwa cha moto, afande."

"Na mwingine? Mtu yeyote?"

"Hakuna. Mtaa mweupe. Mzee Uzi tu."

Kalamu ya Inspekta ikaacha kubofya. "Umesema hakuna."

"Sasa Mzee Uzi naye ni wa kuhesabu? Huyo yupo kila siku ya Mungu. Jumapili, sikukuu, mvua. Anakuja, anavuta uzi wake mpaka kona, anapiga magoti kwenye vitofali, anautazama, anaukunja. Tangu zitolewe hizo fedha. Mimi nikimwona yeye ni kama nimeona nguzo ya taa."

"Kwa nini kona?"

Mlinzi alipunguza sauti, lakini si kiasi cha Kimya kutosikia. "Pale ndipo binti yake alipogongwa. Mwaka wa pili huu. Alikuwa anatoka zamu kiwanda cha nguo, lori likampitia. Hapakuwa na njia ya miguu, watu wanatembea humu humu na malori. Mzee alizunguka na karatasi geti kwa geti, akikusanya saini. Halmashauri walimchoka. Walipopitisha fedha, akaacha kazi yake ya kujenga nyumba za watu akaja kuomba unyapara hapa. Njia hii ni yake, afande. Sisi tunapita tu."

Inspekta aliandika kitu, akakipigia mstari, akautazama mtaa. Kisha koplo akaja akimnong'oneza. Wameipata bisibisi ya Kishindo chini ya gari la marehemu, lililobaki limeegeshwa nyuma ya kontena, na mama mmoja wa kibanda cha soda alimwona kijana yule akipita mbio saa saba na nusu.

"Mchukue," Inspekta alisema.

Kishindo alipotiwa pingu hakupigana. Alimtazama tu dada yake.

"Niliidondosha wakati mhandisi anaegesha! Nilikimbia asinione, tusigombane tena! Kimya, mwambie mama nakuja. Mwambie asile bila mimi."

Alisema kama mzaha. Baba yao alipofariki, ni kaka huyu aliyetoka kwenda kubeba zege ili chumba kisifungwe kufuli, na Kimya alipoacha shule darasa la tano ni yeye aliyemfundisha kusoma mabango ya barabarani, neno kwa neno, mpaka akaweza gazeti. Sasa alikuwa akiinamishwa kichwa kuingizwa kwenye gari la polisi.

*

Inspekta hakuondoka na gari. Kulikuwa na kitu kilichomwasha. Alitembea kwenda na kurudi kando ya mtaro, akahesabu hatua, akarudi tena. Mwishowe akaenda kwa Mzee Uzi, aliyekuwa amepiga goti mwanzo wa kipande kipya, uzi umevutwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina ombi."

"Sema."

"Tuna siku tisa. Unaweza kufunga upande wa mtaro, mimi niendelee upande huu? Vijana wanakaa bure."

"Mtu kafa, mzee."

"Najua. Mungu amrehemu." Alikaza uzi. "Lakini hizi ni fedha za umma. Tarehe ikifika, haziulizi nani kafa. Zinarudi."

"Marehemu alisema udongo haukushindiliwa vizuri. Alikuwa sahihi?"

Lori likapita, ardhi ikatikisika. "Alikuwa sahihi," alisema. "Kosa si la kijana. Mimi nilimharakisha. Nilimwambia piga mara mbili badala ya tano, twende, twende."

"Jana ulikuja?"

"Mimi nakuja kila siku."

"Ulimwona mhandisi?"

"Nilivuta uzi wangu, nikaondoka."

Kimya alikuwa amesimama mlangoni mwa kontena, na alikuwa haangalii mzee. Alikuwa akiangalia ndoo. Ndoo ya bluu yenye mfuniko, ambayo Ijumaa waliijaza wawili, yeye akishika ncha za chandarua na mzee akimwaga, wakichekecha mchanga mara mbili mpaka ukawa unga. Mzee alikuwa amecheka siku ile, kitu adimu kwake. "Huu hatuutumii popote," alisema. "Huu ni wa kona."

Ndoo ilikuwa imepinduliwa, imeoshwa, tupu.

Kimya akatoka nje. Akatembea hatua kumi, akasimama, akarudi, akatoka tena. Mzee Uzi alimnunulia glavu mkandarasi alipokataa. Mzee Uzi alimwita mwanangu na akamaanisha. Na kaka yake alikuwa ndani ya chumba cha polisi, akiulizwa maswali na watu wenye haraka.

Inspekta alikuwa akifungua mlango wa gari.

"Afande."

Sauti ilitoka nyembamba, na honi ikaimeza. Kimya akasogea karibu, akaita tena kwa nguvu mpaka koo likamuuma.

"Afande! Kabla ya kiatu niliona mchanga."

Inspekta aligeuka. Hakutabasamu, hakumharakisha. Akafunga mlango wa gari polepole. "Nionyeshe."

Walisimama juu ya pale mahali. Kimya akaeleza vipande vipande. Kwamba Jumamosi mianya ilikuwa mitupu. Kwamba hapa imejaa na kwingine kote iko wazi. Kwamba yeye husukuma ufagio mshazari, na hapa mchanga umeingizwa kwa brashi ya mkono, mwanya mmoja mmoja.

"Na mchanga umetoka wapi, kama uliisha?"

Kimya akafunga macho. "Niliuchekecha mimi. Mimi na Mzee Uzi. Ulikuwa wa kona."

Kalamu ilikuwa imetulia mkononi mwa Inspekta.

"Ule mtaimbo umefukiwa humu. Mtu mwingine angeutupa mtaroni akakimbia," alisema, kama anayejisemea. "Nani anaua mtu halafu anakaa saa nzima kuziba mianya?"

"Fundi," Kimya alisema.

*

Koplo alikuja na sepetu. Mafundi walizunguka, na Mzee Uzi akaja nyuma yao, uzi umekunjwa kiganjani. Koplo akakita sepetu katikati ya vitofali, akaegemea kwa uzito wake wote. Kitofali kikapasuka ncha.

"Taratibu!" Mzee Uzi akafoka. "Unavunja kingo! Mtu hafumui hivyo, wewe!"

Akamsukuma koplo pembeni kama anavyosukumwa mwanafunzi, akapiga magoti, akachomoa bisibisi mfukoni. Akakiruka kitofali cha kwanza na cha pili. Akachokonoa mchanga kuzunguka kitofali kimoja kilichokuwa karibu na ukingo, akakitikisa mara mbili, kikatoka kizima kama jino bovu.

"Anzia hapa," alisema. "Hiki ndicho kinachofunga vingine."



"Mzee," Inspekta alisema kwa upole. "Umejuaje kwamba hicho ndicho cha mwisho kuwekwa?"

Mzee Uzi alikitazama kitofali mkononi mwake. Upande wa chini, uliokuwa umelala kwenye mchanga, ulikuwa na msalaba mwekundu wa rangi ya kupuliza. Alama ya mhandisi, ya vitofali vya kung'olewa. Kilikuwa kimegeuzwa uso chini, na hata vilivyofuata, kimoja baada ya kingine, vyote vilikuwa na msalaba upande usioonekana.

Hakuinuka. Aliendelea kuvitoa mwenyewe, akivipanga kando kwa mstari, mpaka mtaimbo ukaonekana, umelazwa kwenye kitanda cha mchanga kilichosawazishwa vizuri kuliko mahali popote kwenye mtaa ule. Ncha yake ilikuwa na damu kavu, na nywele.

"Usiuguse," Inspekta alisema. "Alama za vidole."

"Ni zangu. Usisumbue watu wa maabara." Mzee akakaa chini, miguu mtaroni. "Mwachie kijana wa watu."

"Niambie kwanza."

"Nini cha kuambia? Nilimkuta anapiga misalaba. Nilimsihi. Nilimwambia, baba, tuache tufike kona, halafu nitazirudia hizi mita kwa mikono yangu, bure, hata mwaka mzima. Akasema sheria haimruhusu kulipia kazi mbovu. Akasema kweli, ndicho kilichoniuma. Hakuwa mtu mbaya. Hakutaka hata shilingi. Kisha akainama kupuliza kingine, akasema, 'Njia haina haraka, mzee. Mwaka ujao ipo.' Mtaimbo aliuacha pale, ulipo mguu wako."

"Ukaushika."

"Haina haraka! Mimi nimezika mtoto, ananiambia haina haraka." Akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Alipoanguka mtaroni nilitaka kukimbia. Nikaona lile shimo alilofumua, vitofali vimezagaa. Sikuweza kuliacha vile. Mkono ulikataa."

"Na mchanga?"

"Hapakuwa na mwingine."

Koplo akatoa pingu. Mzee Uzi akanyoosha mikono, kisha akakumbuka uzi, akatafuta wa kumpa. Akampa Kimya.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Ndugu ni ndugu. Mimi nilikuwa nataka tu, mtoto wa mtu mwingine asitembee barabarani kwa kukosa pa kukanyaga. Kama ingekuwapo njia siku ile, angekuwa hai. Hilo tu. Nalijua hilo tu."

Walianza kumwongoza kwenye gari. Inspekta alikuwa tayari kwenye simu, akiagiza Kishindo afunguliwe. Mafundi waliinamisha vichwa. Kimya alisimama na uzi mkononi, na akajua kwamba gari likiondoka hatasema kamwe, na mzee atakaa miaka gerezani akiamini kitu kisicho kweli, ambacho aliua mtu kwa ajili yake.

Akakimbia. Akapita mbele ya koplo, akasimama kati ya mzee na mlango.

"Hakuwa barabarani," alisema.

"Nani?"

"Binti yako. Alikuwa pembeni kabisa, kwenye majani, anatembea salama. Mimi nilikuwa ng'ambo, natoka kufagia uwanja wa kiwanda. Nilikuwa nimepata kazi siku ile, nikataka yeye, rafiki yangu, awe wa kwanza kujua. Akanisikia, akacheka, akavuka. Mimi ndiye niliyemwita."